Mita Ilisema Volti 24

"Umeme upo," nilimwambia dada wa mapokezi, nikiwa juu ya ngazi. "Njoo utazame mwenyewe. Volti ishirini na nne na nukta moja."

Hakuweza kuja kutazama kwa sababu ndiye aliyekuwa ameishika ngazi. Akaitikia tu, "Sawa, fundi," kwa ile sauti ya mtu anayejua kwamba mwenzake ameshaamua. Nikachomeka kebo kwenye akses pointi, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, taa zikawaka, nikashuka. Jioni ile nikaandika kwenye ripoti: tatizo si la umeme, ni la kifaa. Kibadilishwe.

Kikabadilishwa.

Sentensi ile fupi imenikaa kooni kwa wiki sita. Kukosea nimezoea, maana hakuna fundi wa mitandao ambaye hajawahi kulaumu ruta iliyokuwa haina hatia. Lakini mara hii nilikosea nikiwa na mita ya kupimia umeme mkononi, na mita haikusema uongo. Ilisema 24.1, na kweli zilikuwa 24.1.

Daftari

Akses pointi yenyewe ilikuwa imefungwa nje, chini ya ukingo wa paa, ikihudumia chumba cha mafunzo. Umeme wake ulipita kwenye kebo ileile ya data, kutoka kwa injekta ya volti 24, kiboksi kinachoingiza umeme kwenye kebo, iliyokaa kwenye kabati la mitambo, kama mita 50 kutoka hapo. Injekta ya aina ile ya kawaida isiyouliza maswali: chanya kwenye waya wa 4 na wa 5, hasi kwenye wa 7 na wa 8, basi.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kujizima na kujiwasha. Mtandao unapotea, watu wanainua simu juu kama wanaotafuta kitu hewani, na baada ya dakika moja na nusu unarudi. Mara nyingine unakaa siku nzima. Mara nyingine unarudi na kupotea mara tano mfululizo. Kila nilipoitwa nilifika nikakuta kila kitu kinafanya kazi, na hakuna aibu ya fundi inayozidi hiyo, isipokuwa ile ya mwenye kifaa anayeanza kudhani ameota.

Dada wa mapokezi hakutaka kudhaniwa ameota. Akanunua daftari.

Aliandika siku na saa. Saa tatu na robo. Saa tatu na dakika ishirini. Saa tatu na nusu kasoro. Kisha kimya mpaka saa nane. Pembeni aliweka safu ya maneno mawili, "wengi" au "wachache", kwa maana ya watu chumbani. Na hapa na pale, kwa penseli, kana kwamba yeye mwenyewe aliona haya kuliandika: "mvua jana".

Nililisoma nikiwa nimesimama. Nikamsifu, nikalifunga. Hilo la "wengi" nililipa tafsiri nyepesi: watu wakiwa wengi mtandao huelemewa, kila mtu anajua. Hilo la mvua sikulipa tafsiri yoyote. Watu wanapenda kuihusisha mvua na mtandao, nikawaza, kama wanavyohusisha baridi na mafua.

Lile daftari lilikuwa na jibu lote. Nimelirudia baadaye ukurasa kwa ukurasa, na sioni kilichokosekana.

Tiba tatu, zote zikafaulu

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba kila nilichofanya kilisaidia.

Kwanza nilibadilisha injekta. Ndiyo desturi, na ina sababu yake. Ndani ya adapta nyingi za umeme, injekta zikiwemo, kuna kapasita (vijipipa vya kutunza chaji) zenye majimaji, na joto huzikausha taratibu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kapasita iliyochoka haifi siku moja. Inatoa volti nzuri kabisa pasipo mzigo, halafu inayumba mzigo unapopanda ghafla. Kwa hiyo ukikutana na akses pointi inayojizima ovyo, kushuku adapta kwanza si ujinga. Nikaweka injekta mpya. Nilipanda pia ngazi kuhakikisha kebo imebanwa vizuri huko juu, nikaichomoa na kuichomeka tena mpaka ikalia "tik".

Siku nne za amani.

Ile injekta ya zamani niliipasua nyumbani. Kapasita zake zilikuwa bapa juu, safi, hazijavimba wala kuvuja. Pale ndipo nilipopaswa kusita. Sikusita. Nilijiambia kwamba kapasita inaweza kuugua bila kuvimba, jambo ambalo ni kweli, na ukweli wa aina hiyo ndio mzuri wa kujifichia.

Ya pili ilikuwa programu ya ndani. Nikaishusha akses pointi, nikaiweka mezani, nikaisasisha, kisha nikaiacha usiku mbili ikipakua mafaili makubwa bila kupumzika, kwa kebo fupi ya mita moja na injekta ileile mpya. Haikutetereka. Nikairudisha juu nikiwa na hakika.

Siku tano za amani.

Ya tatu mnaijua: kifaa kipya. Hicho kilidumu juma zima kabla ya dada kunitumia ujumbe wenye neno moja: "Imerudi."

Niliuangalia ujumbe ule muda mrefu. Injekta mpya, kifaa kipya, programu mpya. Ukivua nguo zote za mgonjwa na kumvisha nyingine na homa bado ipo, basi homa haikuwa kwenye nguo. Lakini mbona kila nilipombadilisha alipata nafuu?

Tiba isiyofanya kazi inakufundisha upesi. Inayofanya kazi siku nne ndiyo inayokupeleka porini.

Kimya kwenye kumbukumbu

Hapo angalau nilifanya jambo moja la maana. Vifaa vya namna hii huandika matukio yake kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, kwa hiyo ukifungua baada ya kuzimika unakuta habari za baada ya kufufuka tu. Nikakiamuru kifaa kitume kila mstari kwenye kompyuta ya kabatini, kisha nikasubiri.

Asubuhi yake kilianguka mara tatu. Nikafungua faili.

Simu fulani imejiunga. Simu nyingine imejiunga. Nyingine imepewa anwani. Halafu mstari unaofuata una tarehe ya 1 Januari 1970.

Wanaofahamu watatabasamu. Kifaa kisicho na betri ya saa kikiamka hakijui leo ni lini, na kwa mifumo mingi ya ukoo wa Unix sifuri ya wakati ni siku hiyo. Kinabaki mwaka 1970 mpaka kipate saa kutoka kwenye mtandao. Lakini tarehe haikunishughulisha. Kilichonishughulisha ni kile ambacho hakikuwepo kati ya mistari miwili. Programu ikijizima kwa hiari huaga: "ninazima". Ikianguka kwa kosa, mara nyingi huacha angalau neno moja la malalamiko. Hapa hakukuwa na kwaheri wala kilio. Simu imejiunga, simu imejiunga, kisha giza.

Giza la namna hiyo linatoka kwa umeme.

Nami nilikuwa nimeandika, kwa maandishi, na saini, kwamba umeme upo.

Mpagazi aliyeketi

Nilijua. Nadhani hilo ndilo linaloniuma. Mtu angeniuliza barabarani kama volti zinapimwa bila mzigo ningemcheka.

Mita ya kawaida ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa kama ohmu milioni 10 unapopima volti. Maana yake haivuti mkondo wowote wa kuhesabika. Ukichomoa kebo kutoka kwenye kifaa na kupima mwisho wake, hakuna kinachopita kwenye waya, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea njiani, hata kama njia yenyewe imebaki uzi mmoja uliooza. Mita itakusomea volti za kule kabatini kana kwamba umesimama kabatini.

Ni kama kumpima mpagazi akiwa ameketi. Mzima na mgonjwa wanaketi sawasawa.

Sasa kwa nini mtu anayejua hivyo hupima hivyo? Kwa sababu ngazi inayumba, kuna mtu anasubiri chini, na kuchomoa kebo na kugusa pini mbili ni kazi ya sekunde kumi. Kupima huku kifaa kinafanya kazi kunataka maandalizi: uwe na kebo ya kati iliyochunwa, uwe na mahali pa kuiweka mita, uwe na subira. Nilipima kilichopimika kirahisi, nikakiita jibu.

Ngazi, mara ya pili

Nilikwenda asubuhi, chumba kikiwa kitupu. Nilibeba kebo fupi niliyoichuna katikati, nyaya za bluu mbili na za kahawia mbili, zile za 4, 5, 7 na 8 zinazobeba umeme, zikiwa wazi, pamoja na kiunganishi kidogo cha kebo kwa kebo. Kebo ndefu inaingia kwenye kiunganishi, kebo fupi inatoka kwenda kwenye akses pointi, na mita inakaa kwenye nyaya zilizochunwa. Nilikuwa mwangalifu nisikitikise kichwa cha kebo ndefu zaidi ya ilivyobidi. Sikujua bado kwa nini nilikuwa mwangalifu hivyo. Mikono ilikuwa imeanza kushuku kabla ya kichwa.

Kifaa kikawaka. Nikasoma: 20.1.

Zile nyingine volti nne zilikuwa wapi?

Nikahamishia mita kwenye ampea, nikaupitisha mkondo wote ndani yake: 0.2. Volti 20 mara ampea 0.2 ni wati 4. Kifaa kilikuwa kimepumzika, hakuna mtu aliyejiunga, kinakula wati zake 4 kama ilivyotarajiwa. Nikarudisha mita kwenye volti, nikaichukua simu yangu, nikaanza kupakua kitu kizito.

19.4. 18.8. Namba zikawa zinatetemeka. Nikampigia dada wa mapokezi, nikamwomba awashe kompyuta zote nne za mbele na kufungua video kwenye kila moja.

"Zote?"

"Zote, dada. Tafadhali."

18. 17 na kitu. Halafu taa za akses pointi zikazimika zote kwa pamoja, na kwa kufumba na kufumbua mita ikaruka ikatulia kwenye namba ninayoifahamu.

24.1.

Kifaa kimekufa mbele ya macho yangu, na mita inasoma volti 24 nzuri kabisa. Ile namba niliyomsomea dada kwa kujiamini wiki zile ilikuwa ni namba ya maiti. Niliipima baada ya kumwondolea mpagazi mzigo wake.

Nilicheka peke yangu juu ya ngazi. Kutoka chini sauti ikauliza, "Imezima?"

"Imezima."

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo inavyofanya."

Hesabu isiyo na jibu

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Volti nne zikipotea kwa mkondo wa ampea 0.2, njia ina ukinzani wa ohmu 20. Kebo nzuri ya shaba ya Cat5e, aina ya kawaida ya kebo ya mtandao, ina ohmu zisizozidi 9.4 kwa kila waya wa mita 100. Kwa mita 50 ni 4.7. Kwa kuwa nyaya mbili zinakwenda na mbili zinarudi, kwenda ni nusu yake na kurudi ni nusu yake, jumla tunarudi palepale, ohmu 4.7. Basi kulikuwa na ohmu 15 za ziada zilizojificha mahali fulani.

Ohmu 15 hazisikiki kama msiba. Lakini akses pointi haili volti, inakula wati. Ndani yake kuna kigeuzi kinachoshusha volti 24 hadi zile ndogo zinazotumiwa na chipu, na kazi yake ni kuhakikisha chipu zinapata wati zake kwa vyovyote. Volti zikishuka, kinavuta mkondo zaidi kufidia. Mkondo ukizidi, volti nyingi zaidi zinapotelea njiani. Kwa hiyo kinavuta zaidi. Wapo watu wanaoishi hivyo na madeni.

Kuna mahali mzunguko huo unapovunjika, na panapigiwa hesabu. Chanzo cha volti 24 kikiwa nyuma ya ohmu 20, wati nyingi kabisa zinazoweza kufika upande wa pili ni 7.2, pale volti zinapokuwa zimeshuka nusu, yaani 12, na mkondo ni ampea 0.6. Hakuna zaidi. Wati 4 zinapita, ndiyo maana kifaa kinawaka na kukaa kimya kwa masaa. Karatasi ya kifaa inasema kikifanya kazi kwa nguvu kinahitaji mpaka wati 9. Ukiiandika hesabu ya wati 9 kwenye njia ile, haina jibu; chini ya alama ya kipeuo cha pili unapata namba hasi. Haiwezekani si kwa maana ya kuwa ngumu, haiwezekani kwa maana kwamba volti ya kuitimiza haipo.

Nikalifungua tena daftari. "Wengi", "wengi", "wachache" na kimya, "wengi".

Simu thelathini zinaingia chumbani, redio inaanza kutangaza mfululizo, wati zinapanda, kifaa kinaanguka. Kinapoanguka mzigo unaondoka, volti zinarudi 24, kinaamka. Dakika moja na nusu baadaye kiko hewani, na zile simu thelathini zinakimbilia kujiunga kwa pamoja. Kinaanguka tena. Saa tatu na robo, saa tatu na dakika ishirini, saa tatu na nusu kasoro.

Na mezani kwangu, kwa kebo ya mita moja, kingeweza kupakua mpaka mwisho wa dunia.

Volti tatu kwenye urefu wa kucha

Ilibaki kutafuta zilipojificha. Kifaa kikiwa kimepumzika, nilipima kule kabatini: 24 kamili, injekta haina neno. Juu, nikatumia sindano nyembamba kutoboa ngozi ya waya wa bluu na wa kahawia nyuma kidogo ya kichwa cha kebo ndefu: 23.1. Shaba ya mita 50 ilikuwa imekula volti moja kasoro, haki yake. Nikahamia upande wa pili wa kichwa hicho: 20.1.

Volti tatu zilipotelea ndani ya plagi ya plastiki isiyozidi urefu wa kucha mbili.

Nikaichomoa, nikaigeuza kwenye mwanga. Pini ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa na rangi ya dhahabu. Ya sita, ya saba na ya nane vilevile. Ya nne na ya tano zilikuwa na ukoko wa kijani, kama ule wa sarafu iliyosahaulika kisimani, na kati yake plastiki ilikuwa imebadilika ikawa ya kahawia. Ampea 0.2 kwenye ohmu 15 ni joto la wati 0.6. Ni kidogo, lakini kwenye nukta mbili ndogo za mguso linatosha kuichoma plastiki polepole.

Kwa nini hizo mbili peke yake? Kwa sababu ndizo chanya. Penye unyevu na mkondo unaokwenda upande mmoja siku zote, chuma cha upande wa chanya ndicho kinachoyeyuka na kuliwa. Pini za 7 na 8 ziliogea maji yaleyale zikabaki zinang'aa.

Maji nayo yalipitaje? Hapa sina wa kumsingizia. Mimi ndiye niliyeifunga akses pointi ile. Kebo ilikuwa fupi kidogo, nikaigeuza akses pointi tundu lake litazame juu ili ifike. Kebo ikashuka kutoka kwenye paa moja kwa moja hadi tunduni, bila kile kitanzi kinachotakiwa kuning'inia chini ya kifaa ili maji yadondokee hapo. Kila tone lililoifuata kebo lilikuwa na mlango. Kifuniko cha mpira kilichokuja na kifaa nilikiacha kwenye boksi, kwa sababu kichwa cha kebo kilikuwa hakipiti kirahisi.

"Mvua jana," kwa penseli.

Na sasa zile tiba tatu zikajieleza zenyewe. Nilipobadilisha injekta nilipanda pia juu kuibana kebo. Niliposasisha programu niliishusha na kuirudisha. Nilipoleta kifaa kipya, hali kadhalika. Kila mara, bila kukusudia, nilichomoa na kuchomeka, na pini zikasuguana zikakwangua ukoko kidogo. Mguso ukarudi kwa siku nne, tano, saba, mpaka unyevu ulipoujenga tena. Dawa ilikuwa ni kule kuchomoa na kuchomeka, nami nikaenda kuzishukuru injekta na programu.

Taa ya rangi ya chungwa

Kuna jambo jingine, na hili nimesita kuliandika.

Swichi iliyoko kabatini, kifaa kinachogawa mtandao kwenye kebo, inaonyesha kasi ya kila tundu kwa rangi. Kijani ni megabiti 1000, rangi ya chungwa ni 100. Tundu la akses pointi ile lilikuwa la rangi ya chungwa tangu siku ya kwanza niliyoitwa. Nililiona. Nilikuwa nimelifunga likiwa kijani.

Sikulijali kwa sababu megabiti 100 zilitosha kwa chumba kile. Lakini megabiti 100 zinatumia jozi mbili tu za nyaya: ya 1 na 2, na ya 3 na 6. Megabiti 1000 zinazitaka zote nne. Swichi ikishuka kutoka 1000 hadi 100, mara nyingi inakuambia kwamba jozi ya bluu au ya kahawia ina kasoro. Na bluu na kahawia, kwenye injekta ya aina ile, ndizo zinazobeba umeme.

Data ilikuwa imeshaikimbia jozi mbovu na kuendelea na maisha. Umeme haukuwa na pa kukimbilia.

Rafiki yangu mmoja, niliyemsimulia haya, aliniambia kosa ni la injekta za namna hiyo. Ningetumia swichi ya PoE, yaani inayotoa umeme kupitia kebo ya data, ya kiwango cha IEEE, shirika linaloweka viwango vya mitandao, nisingepata shida. Nimeifikiria hoja yake kwa siku kadhaa na nakubali nusu yake. Kiwango cha 802.3af cha mwaka 2003 humtaka mtoa umeme ampime kwanza mpokeaji: anatuma volti chache, anatafuta ukinzani wa karibu ohmu 25,000, akiukuta ndipo anafungulia. Lakini ohmu 15 juu ya 25,000 ni tone baharini, kipimo hicho kingepita bila kuziona. Ambacho kingeniokoa ni volti zenyewe, maana kiwango hicho hutumia kama 48. Kwa njia ileile mbovu ya ohmu 20, volti 48 zinaweza kufikisha zaidi ya wati 28, kwa hiyo kifaa cha wati 9 kisingeanguka hata kidogo. Kingefanya kazi vizuri huku ile plastiki ikiendelea kubadilika rangi, nami nisingepanda ngazi mpaka siku pini zitakapokatika kabisa. Sijui kama huko ni kuokolewa. Swichi nyingi za namna hiyo huonyesha wati kwa kila tundu, na hilo kweli lingenisaidia. Kama ningeangalia. Taa ya rangi ya chungwa nayo ilikuwa inaonekana.

Kilichobaki

Nilikata kichwa kile, nikakata na sentimita kumi za kebo nyuma yake mpaka nikaikuta shaba safi, nikabana kipya. Nikaongeza bamba ili akses pointi ishuke na tundu litazame chini. Kitanzi kikaning'inia. Kifuniko cha mpira kilipita, kwa kweli, baada ya dakika mbili za kukibembeleza. Nikapima kwa mzigo, kompyuta zote zikiwa na video: 22.3. Kabatini taa ikawa kijani.

Kifaa cha kwanza, kile nilichokihukumu, kiko mezani kwangu. Kimekaa hewani siku 23 bila kuzimika. Nimeandika ripoti ya pili, aya tatu, na ya kwanza inaanza kwa kukisafisha jina.

Nilipoipeleka, dada wa mapokezi aliisoma yote akiwa ameketi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kile cha kwanza kilikuwa hakina ugonjwa?"

"Hakikuwa nao."

"Na hiki cha pili?"

"Nacho hakina."

Akavuta droo, akalitoa daftari, akanigeuzia ukurasa wa mwisho. Safu ya saa ilikuwa na mstari mrefu wa kalamu kutoka juu hadi chini. Pembeni, safari hii kwa wino: Jumanne, wengi, mvua usiku kucha.